Mitindo ya Kujifunza na Somo la Ushairi

Imekuwa ada, katika mafunzo ya ualimu na katika semina za walimu walio kazini, kumtaka mwalimu wa Kiswahili aandike andalio la somo linalowagawa wanafunzi kwa mitindo yao ya kujifunza: yuko ajifunzaye kwa macho, yuko ajifunzaye kwa masikio, na yuko asiyeshika neno mpaka mikono yake iguse kitu. Wa kwanza apewe chati, wa pili asomewe, wa tatu apewe kadi azipange. Rai hii ina sura ya huruma, na pengine ndiyo sababu haijahojiwa sana katika idara zetu. Makala haya yanakusudia kuihoji kwa kuipima na somo moja tu, ushairi wa arudhi, kwa kuwa ndipo madhara yake yanapojitokeza waziwazi.

Kwanza nasaba yake. Mwaka 1983 Howard Gardner wa Marekani alitoa kitabu chake Frames of Mind, akidai kwamba akili ya mwanadamu ni ya namna nyingi. Mwaka 1992 Neil Fleming na Colleen Mills wa New Zealand wakachapisha uainishaji wa njia nne: kuona, kusikia, kusoma na kuandika, na kutenda. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na mwaka 2013 Gardner mwenyewe alikana kwamba nadharia yake ni ya mitindo ya kujifunza. Lakini yafikapo darasani huwa yamekwisha kupikwa chungu kimoja. Mwongozo wa mtaala wa umilisi uliotolewa nchini Kenya mwaka 2017 nao unamtaja Gardner miongoni mwa wanafikra walioegemewa.

Ushahidi, hata hivyo, ni haba. Mwaka 2004 Frank Coffield na wenzake nchini Uingereza walitambua mifumo 71 ya kuainisha mitindo hiyo, wakaichambua 13 kwa kina, na mingi wakaiona dhaifu. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu nchini Marekani walitafuta ithibati kwamba mwanafunzi hufaidika zaidi afundishwapo kwa mtindo unaodaiwa kuwa wake, wasiione ya kutosha. Hapana anayekana kwamba watu wana mapendeleo. Mtu aweza kupenda wali kuliko ugali, lakini hilo halibadili jinsi tumbo lake linavyosaga chakula.

Na tuje kwenye mizani. Neno mbu lina mizani mbili, m-bu. Neno mbuzi, lililo refu zaidi kwa herufi, lina mizani mbili vilevile, mbu-zi. Katika neno la kwanza m imesimama peke yake, tena imebeba mkazo. Katika la pili imeegemea b na kupotelea humo. Kadhalika nge ni mizani mbili, ilhali nge ya ngedere ni mizani moja tu. Kwa macho, herufi hizo ni zilezile. Sikio ndilo linalozitenga, na mwanafunzi ambaye hajalisikia neno likitamkwa hana pa kushika isipokuwa kukisia au kukariri orodha. Sasa mtazameni yule aliyepewa jina la mwanafunzi wa macho: amekabidhiwa chati yenye visanduku kumi na sita, vinane upande wa ukwapi na vinane upande wa utao, ajaze. Huijaza. Rangi zake hupendeza, pengine hata hubandikwa ukutani. Lakini mshororo wenyewe hajausikia, na ameruhusiwa asiusikie kwa hoja kwamba ameumbwa hivyo.

Hapo ndipo penye dhuluma. Amri Abedi, alipoziandika sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alishikilia kwamba shairi ni wimbo. Mizani na vina alivieleza kama mambo yanayoliwezesha shairi kuimbika. Mtoto wa Mvita au Lamu aweza kusamehewa kughani darasani na asipungukiwe sana, maana amekwisha kusikia tungo zikighaniwa arusini, katika maulidi na barazani. Mwenzake wa bara, ambaye shairi la kwanza maishani mwake analikuta katika karatasi ya mtihani, hana mahali pengine pa kulisikia. Mtindo unaomwondolea sauti unamnyima yeye hasa.

Kusema hivi si kusema kwamba wanafunzi ni sawa. Wanatofautiana sana, na ajabu ni kwamba tofauti zilizo dhahiri kabisa ndizo zisizotajwa katika maandalio hayo. Darasa moja la Nairobi laweza kuwa na mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni Kikuyu, naye vina vya -la na -ra humwia kimoja. Wa Kidholuo, ambaye lugha yake haina sauti ya sh, huona -sa na -sha zimekubaliana. Wa Kikalenjin aweza kuoanisha -ba na -pa bila wasiwasi, kwa kuwa katika lugha yake tofauti hiyo haibadili maana. Wa pwani vina havimsumbui, na neno mato akilikuta katika utenzi hahitaji kuambiwa kwamba ni macho, ambapo wenzake watahitaji maelezo. Tofauti hizi zatokana na lugha alizolelewa nazo mtoto, na mwalimu aweza kuzishughulikia: jozi chache za maneno zitamkwe kwa zamu, mshororo upigiwe makofi, kisha ndipo kalamu ishikwe. Atakayehitaji kurudia mara tano arudie mara tano. Kumwambia huyo kwamba yeye si mtu wa masikio ni kumfungia mlango ambao ndiyo kwanza anaanza kuubisha.

Mwanafunzi kiziwi tumweke kando ya mjadala huu. Hali yake si pendeleo; anastahili mipango yake kamili, na Lugha ya Ishara ya Kenya, iliyotajwa katika Katiba ya 2010, ina mdundo wake wa mikono unaoweza kufundishwa kwa haki yake yenyewe. Kumchanganya na yule apendaye picha ni kumdharau.

Kwa hiyo kipimo kitoke ndani ya somo lenyewe. Hili laonekana pia kwa upande wa pili, na hapa hata wafuasi wa arudhi hawana budi kukubali. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, alileta tungo ambazo mistari yake hukatika pasipotarajiwa, mmoja mrefu na wa pili wake mfupi, bila mizani ya kuhesabu wala kina cha kungojea. Mwalimu akizisoma kwa sauti tu, wanafunzi wakiwa wamefunga vitabu, mahali mistari inapokatika patawapita. Huko ukurasa lazima utazamwe, na utazamwe na darasa zima, pamoja na wale wote waliokwisha kuandikwa kuwa ni wa masikio.