Makabila Yasiyosikika: Msafara wa Tabuki katika Utendi wa Tambuka

Utendi wa Tambuka, ambao pia huitwa Chuo cha Herekali, mara nyingi huulizwa swali moja: je, unasimulia historia ya kweli? Jibu lake ni jepesi, na wepesi huo ndio unaotupotosha. Tahakiki hii inadai kwamba umbali uliopo baina ya utendi huu na historia si kasoro ya kusahihishwa, bali ni ufunguo wa kuusoma.

Kwa mujibu wa waandishi wa sira, mwaka wa 8 Hijria (629) Waislamu wapatao 3,000 walipigana huko Muta, mpakani mwa Shamu, na Zaid bin Haritha, Jaafar bin Abi Talib na Abdallah bin Rawaha wakauawa. Mwaka uliofuata Mtume Muhammad aliongoza hadi Tabuki jeshi linalotajwa kuwa na watu 30,000. Huko hakukupiganwa vita, kwani jeshi la Rumi halikutokea. Kilichofanyika ni mapatano. Mtawala wa Ayla pamoja na watu wa Jarba na Adhruh walikubali kutoa jizya, na Khalid bin Walid akatumwa Dumatul Jandal kumkamata mtawala wake, Ukaidir. Ali bin Abi Talib hakuwamo msafarani. Aliachwa Madina kuangalia jamaa ya Mtume. Kwa matokeo yake, basi, msafara huo uliwagusa zaidi watu wa mpakani kuliko Kaisari mwenyewe. Huko ndiko yalikokuwa makabila ya Kiarabu kama Ghassan, Lakhm na Judham, ambayo mengi ya watu wake walikuwa Wakristo na washirika wa Rumi.

Mwengo wa Athumani anayapanga mambo upya. Kifo cha Jaafar kinadai kisasi; Herekali anaandikiwa barua ya kuitwa katika Uislamu, anakataa, na majeshi yanakutana katika vita vikuu ambamo Ali ni miongoni mwa mashujaa wa mbele. Waarabu wa mpakani, ambao katika sira ndio wenye kuamua waelemee upande gani, hapa hawaamui lolote. Zinabaki pande mbili tu: Uislamu na Rumi.

Yaweza kusemwa kwamba bahari ya utendi, yenye vipande vya mizani minane, hupenda mapambano ya shujaa kwa shujaa na haivumilii majadiliano ya mikataba. Hoja hiyo haitoshi. Barua za Mtume na Herekali zimo humo humo, katika mizani na vina vile vile. Fani iliyoweza kubeba ujumbe wa Madina kwa Kaisari ingeweza pia kubeba mkataba wa Ayla. Kuyaacha makabila ni uteuzi wa maudhui, si shurutisho la fani. Ni kweli kwamba hadithi za maghazi za Kiarabu zilikwisha kuufungua mlango huo. Lakini kurithi njia hakumwondolei mtunzi dhima ya kuifuata.

Uteuzi huo unapata uzito tukiutazama Pate. Nakala ya utendi ina tarehe ya 1141 Hijria (1728). Mwaka huo wa 1728 Wareno waliirudia Ngome ya Yesu, Mombasa, ambayo Waomani waliwanyang'anya mwaka 1698. Na walirudi kwa msaada wa mtawala wa Pate, aliyetafuta nguvu dhidi ya Waomani. Yaani Mwislamu alishirikiana na Mkristo dhidi ya Mwislamu mwenzake, kama vile Waarabu wa Ghassan walivyoshirikiana na Rumi dhidi ya Waarabu wenzao karne 11 kabla. Hatudai kwamba Mwengo alikusudia kumsuta mtawala wake. Tunachodai ni kwamba hadhira ya Pate iliyajua vizuri maisha ya mpakani, na utendi uliisimulia dunia isiyo na mpaka wa aina hiyo, ambamo kila mtu anajua adui yake ni nani.

Kwa hiyo, mwalimu anayeuweka utendi huu kando ya sira asiishie kuhesabu makosa. Awaulize wanafunzi ni nani walionyamazishwa, na ni nani katika hadhira ya kwanza angeutambua ukimya huo. Hapo Tambuka itasomwa kama kazi ya fasihi ya Waswahili, si kama nakala mbovu ya historia ya Waarabu.