Mbao za Mbali na Seremala wa Babati

Kazi ya seremala huanza kabla msumeno haujaguswa, pale anapoamua ni mti gani unaifaa kazi iliyoagizwa na utapatikana wapi. Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, ni mahali pazuri pa kuutazama ufundi huo. Miombo ipo jirani, ila misitu ya Duru-Haitemba si ghala la mbao. Katikati ya miaka ya 1990, serikali ilipotaka kuifanya hifadhi yake, vijiji vinavyoizunguka vilikataa, vikaichukua mikononi mwao na kuilinda kwa sheria ndogo na walinzi wa kijiji. Anayetaka mbao za meza au kabati la heshima hutazama barabarani.

Kwa barabara, Babati imebahatika. Lami inatoka Arusha kwa upande wa kaskazini, Singida kupitia Katesh, na Dodoma kupitia Kondoa, njia iliyozinduliwa mwaka 2018. Ukiifuata ya Singida hadi mwisho unafika kwenye mininga ya Tabora na Katavi. Ya Dodoma inaelekeza Iringa na kwenye paini ya Sao Hill, Mufindi. Mtiki hutoka mashamba ya serikali kama Longuza wilayani Muheza, ukazunguka Moshi na Arusha. Mpingo una safari ndefu zaidi, maana makao yake makuu ni Kilwa na Lindi.

Mtiki ni mmoja wa wageni kati ya miti hiyo. Asili yake ni India, Myanmar, Thailand na Laos, na pwani ya Waswahili iliujua kwa jina la msaji muda mrefu kabla haujapandwa nchini: majahazi ya kaskazi yaliuleta kutoka Malabar, ukachongwa milango ya Unguja. Wajerumani ndio walioanza kuupanda Tanganyika. Una mafuta yanayofukuza maji na mchwa, na punje za silika zinazomaliza makali ya randa upesi. Lakini mtiki uliovunwa mchanga haulingani na wa Malabar wa zamani. Una sehemu nyeupe nyingi karibu na ganda, na sehemu hiyo huoza na kuliwa na wadudu kama mti mwingine wowote. Jina pekee halitoshi kulipia bei.

Ndiyo maana seremala mzoefu akifika dukani haanzi na bei. Huvuta ubao kutoka kwenye rundo, akauinua upande mmoja kuupima uzito, akafumba jicho moja na kuutazama kwa urefu wake kama umepinda, kisha akageukia kichwa cha ubao. Hapo kichwani ndipo mti unapojieleza. Duara za ukuaji zikisimama wima kuelekea uso wa ubao, ubao huo utatulia. Zikilala kama upinde, utajikunja ukikauka. Nyufa ndogo kichwani ni dalili kwamba ulikaushwa kwa pupa juani. Mwishowe hupitisha randa mara moja, maana vumbi la barabarani hufanya mbao zote zifanane, na rangi ya kupaka huishia juu juu. Mninga wa kweli huonyesha kahawia yenye mistari myekundu hata chini ya randa. Kwa mvule hata ukaguzi huo hautoshi: ndani yake hujificha vijiwe vya chokaa vinavyong'oa meno ya msumeno, na hakuna jicho linaloviona kwa nje.

Jambo linalowashinda wengi, hata wenye mikono mizuri, ni unyevu. Mti hunywea unyevu wake ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mti mkavu, na huendelea kunywea mpaka ulingane na hewa iliyouzunguka. Kwenye hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 80, kama ya pwani, ubao hutulia karibu na asilimia 16. Hewa ikiwa ya asilimia 50, hushuka hadi 9. Kwa meza ya mtiki yenye upana wa mita moja, tofauti hiyo inaweza kula zaidi ya sentimita nzima. Meza iliyoungwa Tanga ikaletwa nyanda za juu wakati wa kiangazi itafungua maungio yake bila mtu kuigusa. Mninga hunywea kidogo sana, na sifa hiyo ina thamani kuliko rangi yake, ingawa wateja huulizia rangi.

Kipimo cha unyevu hakihitaji mashine maalumu. Kipande kidogo kinakatwa mbali na kichwa cha ubao, kinapimwa kwenye mizani, kinakaushwa ndani ya tanuri la nyuzi 103 mpaka uzito usishuke tena, kisha kinapimwa upya. Kikitoka gramu 112 kikafika 100, unyevu ulikuwa asilimia 12. Baada ya hapo mbao hupangwa ndani ya karakana, safu juu ya safu, zikitenganishwa kwa vijiti vikavu vya unene mmoja, zikaachwa wiki kadhaa zizoee hewa ya mji.

Karatasi nazo ni sehemu ya ufundi. Mbao halali hugongwa nyundo na husafiri na hati ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kwa zinazovuka mpaka kutoka Kongo, Zambia au Msumbiji, masharti yameongezeka: mpingo uliingia Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 2016 pamoja na jamii yake yote ya Dalbergia, na mkutano wa Panama wa Novemba 2022 ukaongeza mininga, mikongo na mikangazi ya Afrika. Kila mzigo wa aina hizo unahitaji kibali cha nchi ulikotoka.

Mpingo, mzito kiasi cha kuzama majini, hukua polepole mno, tena mara nyingi umepinda na una uwazi katikati, hivyo sehemu kubwa ya gogo hupotea na vipande vizuri huwa vifupi. Kuutafutia kazi ya meza nzima ni israfu. Mahali pake ni vishikio vya droo, pini za maungio, na mstari mwembamba mweusi kwenye ukingo wa mninga.

Mti wa mbali huagizwa kwa ziada, na ikiwezekana kutoka gogo moja, kwa sababu ubao wa pili wa rangi ileile haupatikani sokoni Babati kesho yake. Mtiki hufutwa kwa spiriti muda mfupi kabla ya gundi, la sivyo mafuta yake huikataa. Uso wa meza haupigiliwi misumari kwenye fremu. Hushikwa kwa skrubu zilizo katika matundu marefu, ili mbao zipanuke masika na kunywea kiangazi bila kupasuka.