Mizani ya Chuma Moyoni

Mtu apokeapo majibu ya MRI yakamwarifu kwamba ini lake lina mafuta asilimia kadha na moyo wake una chuma miligramu kadha, aghalabu hudhani kuwa vitu hivyo vimetiwa mizanini, ilhali mashine hupokea ishara za protoni za haidrojeni tu, na kila kizidicho hapo ni hesabu ya wanadamu, ambayo thamani yake haiwezi kupita thamani ya ushahidi ulioijenga.

Kwa upande wa mafuta, ushahidi huo umo ndani ya picha yenyewe. Mwaka 1984 W. Thomas Dixon alibainisha kwamba, madhali protoni za mafuta huzunguka polepole kuliko za maji, kwa tofauti ya mizunguko 220 hivi kwa sekunde katika sumaku ya tesla 1.5, picha zikipigwa kwa nyakati maalumu ishara mbili hizo mara huungana na mara hupingana, na kwa kujumlisha na kutoa hujulikana fungu la kila moja. Walakini uwiano huo haukuaminika mpaka yalipoondolewa yenye kuupotosha: mafuta hurejea katika mkao wake upesi kuliko maji, hata yakaonekana mengi kupita kiasi, isipokuwa pembe ya kuziinamisha protoni ipunguzwe, tena mafuta hayana mwendo mmoja, bali kadhaa, na chuma, kikiwapo, huififisha ishara kati ya picha moja na nyingine, upungufu huo ukaipotosha hesabu ya mafuta. Ndiyo sababu wataalamu wakaona hapana budi kukadiria mafuta na chuma kwa pamoja.

Chuma chenyewe ni mtihani mkubwa zaidi, kwa kuwa hutambulikana kwa athari yake tu, yaani kuvuruga uga wa sumaku hata ishara ikafifia kwa haraka. Na muda wa kufifia huko huitwa T2*. Mwaka 2001 Lisa Anderson, Dudley Pennell na wenzao huko London walidhihirisha, kwa wagonjwa wa thalasemia ambao hulimbikiza chuma kwa kuongezewa damu mara kwa mara, kwamba T2* ya moyo ikishuka chini ya milisekunde 20 nguvu za moyo huanza kudhoofika. Hiyo ilikuwa alama ya hatari, si kipimo cha chuma. Ili igeuzwe kipimo, ilipasa kulinganishwa na chuma cha nyama yenyewe: kinyofu cha ini huchomolewa kwa sindano kikapimwa, bali kufanya vivyo hivyo moyoni ni hatari, na chuma hakikutawanyika humo kwa usawa.

Basi John-Paul Carpenter na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, walizipiga picha nyoyo 12 za wagonjwa waliofariki au waliobadilishiwa moyo, kisha wakapima maabara chuma kilichomo katika vipande vyake. Ikapatikana kanuni: miligramu za chuma kwa kila gramu ya nyama kavu ni 45 mara T2* iliyopandishwa kwenye kipeo cha −1.22, kwa hiyo milisekunde 20 ni kama miligramu 1.2, na milisekunde 10 ni kama 2.7.

Kanuni hiyo ni ya moyo na ya tesla 1.5; katika tesla 3, chuma kile kile huififisha ishara takriban mara mbili kwa haraka. Ripoti ya chuma isiyotaja nguvu ya sumaku na kanuni iliyotumika haijatimia, na daktari anayo haki ya kuirudisha.