Jicho la Mpima Kadi

Chema chajiuza, walisema wahenga, ila wao hawakuwahi kuhudhuria mnada wa kadi za besiboli. Januari 2021, kadi ya mchezaji Mickey Mantle iliyochapishwa na kampuni ya Topps mwaka 1952 ilinunuliwa kwa dola milioni 5.2. Agosti 2022, nyingine ya toleo hilohilo, sura ileile, namba 311 ileile, ikaenda kwa dola milioni 12.6. Kwa hali yake, ya kwanza ilikuwa imepewa alama 9 kati ya 10, ya pili 9.5. Kampuni zilizozipima ni mbili tofauti, na soko nalo halikusimama katikati ya mauzo hayo; hata hivyo nusu alama ilifanya kazi yake. Mantle iliyofubaa na kukunjika, ya mwaka huohuo, huishia kwenye makumi ya maelfu.

Mwenye kadi hupigwa picha, dalali hupata kamisheni yake. Mimi namsifu mtu wa tatu, yule aliyekaa chini ya taa na lenzi yake, ambaye jina lake haliandikwi popote kwenye kasha la plastiki inamofungiwa kadi iliyopimwa.

Huanza na mepesi. Huishika kadi kwa kingo, vidole vikavu, na kutazama picha imekaaje ndani ya pambizo. PSA, kampuni ya Marekani iliyoanza kazi hii mwaka 1991, haitoi 10 kwa kadi ambayo picha yake imeelemea upande mmoja zaidi ya takriban 55 kwa 45. Hapo hata rula inatosha. Kisha pembe: ile inayoonekana kali kwa macho matupu, chini ya lenzi huonyesha nyuzi za karatasi zilizoanza kufumuka. Halafu uso, na hapa mkono huanza kulisaidia jicho. Kadi inalazwa, inainuliwa, inazungushwa polepole mpaka mwanga uipitie kwa ubavu. Mkunjo ambao mwenyewe ameishi nao miaka mingi bila kuujua hujitokeza, mstari mwembamba tu, kisha hupotea mkono ukisogea. Alama zimekwisha kushuka.

Umahiri wenyewe, hata hivyo, uko kwenye kingo, maana huko ndiko wajanja hupitia. Kadi kuukuu yenye pembe zilizolika ikipunguzwa kwa wembe, hata chini ya milimita moja, hupata pembe mpya. Rula haimkamati mkataji kila mara, kwa kuwa mashine za kiwandani nazo hazikukata sawasawa. Mpima huusoma ukingo wenyewe. Kingo nne za kadi ya miaka mia huzeeka pamoja. Mmoja ukiwa mweupe kuliko wenzake, au laini mno, au umepinda kidogo pale wembe ulipoyumba, kuna mtu amepita hapo. Taa ya urujuanimno nayo ina ushahidi wake: karatasi nyingi zilizotengenezwa baada ya Vita Kuu ya Pili zina kemikali za kung'arisha, na zikimulikwa hutoa mng'ao wa samawati. Kadi inayodai kuzaliwa mwaka 1910 haina sababu ya kung'aa hivyo.

Fani hii, tusifichane, ilianza kwa kuteleza. Kadi ya kwanza kupimwa na PSA ilikuwa T206 ya Honus Wagner wa Pittsburgh Pirates, ya yale matoleo ya 1909 hadi 1911 yaliyowekwa ndani ya pakiti za sigara. Wagner aliizuia isiendelee kutolewa. Wapo wanaosema hakutaka watoto wavutwe kwenye tumbaku, wapo wanaosema alitaka alipwe. Zilizobaki duniani ni makumi tu. Hii moja ilikuwa safi kupita kiasi. Mwaka 1991 Wayne Gretzky, nyota wa hoki ya barafuni, aliinunua pamoja na mfanyabiashara Bruce McNall kwa dola 451,000. Ikapewa 8. Mwaka 2007 ikafika dola milioni 2.8. Mwaka 2013 Bill Mastro, dalali aliyewahi kuimiliki, akakiri mahakamani kwamba aliikata kingo.

Wenye kuibeza kazi ya upimaji huishia hapo. Mimi naona kisa hicho kinaonyesha ugumu wake: kadiri pengo la bei kati ya 8 na 9 linavyopanuka, ndivyo ujira wa wembe unavyoongezeka. Mpima huwalea maadui zake mwenyewe. Wapo pia wanaopasua kasha na kuipeleka tena kadi ileile, wakiomba mpima wa leo awe mkarimu kuliko wa jana, na mara nyingine hujibiwa. Jicho ni la binadamu, na nusu alama haistahili heshima yote inayopewa na matajiri.

Heshima yangu naiweka kwenye swali jingine, la kama kadi ni halisi na hakuna mkono ulioichezea. Agosti 2021 Wagner yenye alama 3 iliuzwa dola milioni 6.6. Mwaka uliofuata nyingine yenye 2, daraja linalovumilia pembe za mviringo na mikunjo, ikapata dola milioni 7.25. Waliolipa fedha hizo hawakuwa wakinunua unadhifu. Walichokitaka kwa mpima ni neno lake kwamba kadi hiyo ilichakaa yenyewe.