Taa Zilizohama Barabara

Mwaka 2000, kwenye soko la vitu vikuukuu la Rose Bowl huko Pasadena, California, msanii Chris Burden alikutana na taa kuukuu za barabarani zikitafuta mnunuzi. Akazichukua. Kisha akatafuta nyingine, na nyingine tena, hata zikafika zaidi ya mia, zimesimama kuizunguka karakana yake katika vilima vya Topanga.

Si mzigo wa mchezo. Nguzo hizo zilisubiwa kwa chuma miaka ya 1920 na 1930, nyingine zina urefu wa mita 6 na zaidi, na chini zimepambwa kwa maua na majani ambayo mpita njia hakuwa na sababu ya kuyatazama. Kila moja ilipigwa mchanga kwa kompresa mpaka rangi za miaka yote zikabanduka, ikapakwa kijivu, ikatandaziwa nyaya mpya. Hapo ndipo sifa ya kazi hii ilipo: fundi wa zamani aliyeuchongea mtaa ua la chuma anapata, baada ya miongo minane, mtu wa kulisafisha jani kwa jani. Tangu 2008 taa 202 za Burden zimepangwa safu kwa safu mbele ya jumba la sanaa la LACMA, Los Angeles, kwa jina la Urban Light, na kila jioni huwaka.

Wakusanyaji wengi wa taa za barabarani hawana uwanja wa nguzo. Hao huchukua kichwa cha taa peke yake, wakakifunga juu ya meza ya gereji. Ukitaka kuelewa mapenzi yao, tazama taa ya sodiamu ikiwashwa. Choki, kifaa kinachodhibiti umeme wake, inavuma. Mrija wa kioo uliopindwa unawaka wekundu hafifu kama kaa linalopulizwa, maana kwanza inawaka gesi ya neoni. Sodiamu bado ni vipande vikavu vilivyoganda kiooni. Dakika zinapita, joto linakaribia nyuzi 260, na umanjano unaanza kutambaa ndani ya mrija mpaka wekundu wote umemezwa. Sasa gereji nzima ina rangi moja. Mpini mwekundu wa koleo umekuwa mweusi.

Umanjano huo ulishuka barabarani mwaka 1932, Uholanzi, kati ya Beek na Geleen. Taa za awali zilivikwa kioo cha kuta mbili, kwa kanuni ileile ya chupa ya chai, joto lisitoroke.

Kuzihifadhi taa za sodiamu kunataka adabu. Sodiamu ikikutana na maji huripuka, kwa hiyo mirija hukaa kwenye maboksi yake, mahali pakavu, na mrija wenye ufa hautupwi ovyo. Tena kila kuwasha kunapunguza uhai wa mrija, na LED imekwisha kuifukuza taa hii barabarani. Wapo wanaoziacha zimefungwa wasije wakazimaliza. Wanaoziwasha ndio wenye haki zaidi, kwa sababu boksi linatunza kioo tu, na umanjano ule hauonekani mpaka umeme upite. Basi usiku mmoja mmoja swichi inabonyezwa, choki inavuma, na mtu anavuta kigoda kusubiri wekundu ugeuke.