Picha Haihami
Kitabu cha taichi alichokitoa Yang Chengfu mwaka 1934 kimejaa picha zake mwenyewe. Picha huonyesha mguu ulipotua. Uzito ulivyohama, la. Apandaye Uluguru kutoka mjini Morogoro kwenda Morningside huujua uhamaji huo magotini, pasi na kitabu. Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, ya Kaluta Amri Abedi (1954), ina bahati zaidi: mizani huhesabika karatasini, na kina kilichopotoka hujifichua chenyewe. Tatizo ni mahadhi. Hayo hupokewa sikioni, kwa mghani. Ndiyo maana ajifunzaye peke yake huko bara, na bidii yake yote, aweza kutimiza kila sharti la Amri, shairi likakataa kuimbika.