Mlinzi wa Geti Kabla ya Adui

Ziwa Victoria, tunalolitazama kutoka mtaa wa Milimani hapa Kisumu, lina kituo cha Kibudha upande wa Uganda. Kiko Garuga, karibu na Entebbe, na kilianzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyeujua Ubudha akiwa mwanafunzi India na kuingia utawani California mwaka 2002. Madhehebu yake, Theravada, yana utaratibu wa kujenga huruma ambao nguvu yake imo katika mpangilio.

Uliandikwa katika karne ya 5 na Buddhaghosa, msomi aliyefanya kazi Sri Lanka, katika kitabu cha Visuddhimagga. Kwanza ni wema. Mtu anaketi, anatulia, anajitakia salama. Kisha anamtakia hivyo hivyo anayemheshimu, rafiki wa chanda na pete, mtu baki, na adui mwisho kabisa. Huruma ina mlango wake: huanzia kwa aliye katika dhiki ya kuonekana kwa macho, ndipo ihamie kwa wapendwa, kwa mtu baki na kwa adui.

Kwangu mimi, kiungo kikuu ni huyo mtu baki. Milimani tunaye kila geti: mlinzi anayetufungulia saa nane za usiku, na tusijue kama kwao ni Nyakach au Busia. Hatumchukii, kwa hiyo hakuna hasira ya kushindana nayo. Hatumpendi, kwa hiyo hakuna mapenzi ya kuanzia. Kumweka akilini kwa dakika tano, na koti lake, redio yake ndogo na miguu iliyochoka kusimama, ni kuanza wema kutoka sifuri.

Sanaa ya Kibudha nayo inafundisha kumtazama mwingine hivyo. Karne za mwanzo Buddha hakuchongwa kama mtu. Zilichongwa nyayo, gurudumu, kiti kitupu. Umbo la binadamu lilishika kasi Gandhara na Mathura, kuanzia karibu karne ya 1. Huko Sri Lanka macho ya sanamu huchorwa mwisho: fundi huipa mgongo, akainua kioo na kupitisha brashi juu ya bega, ili asikutane ana kwa ana na mtazamo wa kwanza. Ufundi mzima umefungwa kwenye heshima ya jicho moja kuliona jingine.

Kipimo cha Buddhaghosa cha kujua kama wema huo umekomaa ni kikali. Majambazi wanakukuta na rafiki, mtu baki na adui, wanataka mmoja wamuue. Ukimtaja adui, umeshindwa. Ukijitaja wewe, umeshindwa pia, maana bado umebagua. Unafaulu pale tu usipomwona hata mmoja wa kutolewa. Naliona hilo kuwa jambo la busara sana, kwa kuwa wengi tumelelewa tukiamini kwamba mwenye huruma ni yule anayejimaliza.

Buddhaghosa anaonya pia juu ya huzuni, ambayo hujifanya huruma. Muuguzi wa “Russia”, hospitali yetu ya Jaramogi, akibeba maumivu ya kila kitanda, ataishiwa nguvu. Utafiti wa Olga Klimecki, Tania Singer na wenzao, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba waliofunzwa kuhisi maumivu ya wengine walizidiwa na hisia za uchungu. Walipofunzwa huruma baadaye, uchungu ulipungua na hisia njema zikapanda. Mafunzo hayo ya pili yangefaa kuingia kwenye ratiba ya zamu, kabla muuguzi hajafika wodini.